Unachora picha za watu kwa rangi za mafuta? Lipwa tabaka kwa tabaka

Picha ya sura ya mtu ina mnunuzi mmoja tu. Ukichora Mlima Kenya na mteja aingie mitini, utauzia mwingine. Lakini picha ya marehemu nyanya yake utamuuzia nani? Ndiyo maana ukijifunza kuchora, jifunze pia kulipwa.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwa mtindo wa zamani wa Ulaya, picha hujengwa kwa tabaka. Kwanza unachora mistari ya uso kwenye turubai. Halafu unapaka mwanga na vivuli kwa rangi moja, kahawia au kijivu. Kisha zinafuata rangi za ngozi, na mwisho tabaka nyembamba za kumalizia. Rangi ya mafuta haikauki kama maji. Mafuta yake hushika oksijeni ya hewani polepole, kwa hivyo ungoje siku kadhaa kabla ya tabaka lingine. Tabaka la juu liwe na mafuta zaidi ya la chini, la sivyo picha inaweza kupasuka.

Na usikimbilie kununua rangi 20! Mchoraji wa Sweden, Anders Zorn, alijulikana kwa rangi nne: nyeupe, nyeusi, nyekundu na manjano ya udongo. Zinatosha kuanza kuchora ngozi.

Sasa pesa. Fuata tabaka zako:

1. Arbuni: ilipwe kabla hujanunua turubai. Itoshe vifaa.
2. Malipo ya pili: mteja akishakubali sura ikiwa bado ya rangi moja. Pua ikiwa si yenyewe, hapo ni rahisi kurekebisha.
3. Salio: kabla picha haijatoka kwako.

Familia inachanga? Kila mtu atume sehemu yake. Hata Rembrandt alilipwa hivyo kwa picha yake ya walinzi wa Amsterdam ya mwaka 1642. Waliochorwa walitoa kama gilda 100 kila mmoja, wengine zaidi, wengine kidogo, kulingana na nafasi yao pichani.

Mteja, hakikisha jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi ujumbe wa kila malipo. Mchoraji, usitoe picha kwa sababu umeonyeshwa SMS kwenye simu ya mtu. SMS hughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, ndipo uifunge picha.