Mtoi na Kafunguo ka Mdomo: Mbona Ekspanda Haingojei Meno Yote Yaote

Jumamosi nilikuwa Toi nikisaka viatu, ule upande wa ndani ukikaribia Kibera. Mathe mwenye alikuwa ananiuzia akaniambia, "Ngoja kidogo, kijana." Akaita mtoi wake, msichana wa kama miaka nane hivi, akamwambia apanue mdomo. Akaingiza kafunguo kadogo kenye kamefungwa uzi ndio kasimezwe, akasukuma mara moja kuelekea nyuma, akakatoa. "Haya, enda ucheze." Alafu akarudi kwa bei kama hakuna kitu imetokea.

Manze, nilibaki nimeduwaa. Huyo mtoi alikuwa na chuma imeng'ang'ania meno ya juu, na skrubu katikati. Inaitwa ekspanda. Nilikuwa najua bresi, lakini hii hapana, so nikaenda kusoma.

Iko hivi. Kaakaa, yaani ile dari ya mdomo, si mfupa mmoja. Ni miwili, wa kulia na wa kushoto, na imekutana katikati kwa mshono. Fundi yeyote wa cherehani hapo Toi anaweza kukuelewesha hii kitu kunishinda. Ukimpelekea koti ya kamera yenye inakubana, kitu ya kwanza anacheki ni mshono. Kama unafunguka, anaupanua unaenda home ukipumua. Kama kitambaa kimegandishwa na gundi, hapo ni makasi tu.

Mshono wa kaakaa la mtoi bado haujakazana. Daktari anafunga ekspanda kwa meno ya nyuma ya juu, alafu mzazi anazungusha skrubu robo mzunguko, mara moja ama mbili kwa siku vile ameambiwa. Robo mzunguko ni kama robo milimita tu. Inakaa mchezo, lakini wiki mbili tatu zikiisha ile mifupa imeachana milimita kadhaa. Baada ya hapo skrubu haiguswi tena, lakini chuma inabaki mdomoni miezi mingine, mara nyingi kati ya 3 na 6, ndio mfupa mpya ujaze katikati. Ukiitoa mapema, kazi yote inarudi nyuma.

Na si ujanja wa juzi. Emerson Angell, daktari wa meno wa San Francisco, aliandika kuhusu hii kitu mwaka wa 1860, baada ya kumpanua kaakaa msichana wa miaka 14 kwa skrubu. Wenzake wengi hawakumwamini.

Kuna kitu itakushtua kama mtoi ni wako: pengo kubwa inatokea katikati ya meno mawili ya mbele. Usipige nduru. Hiyo ni ishara mshono umefunguka, na mara nyingi meno yanarudiana yenyewe. Siku za kwanza pia ataongea kama ana pipi mdomoni, mate yatamwagika, na githeri itakwama huko juu. Goody Goody na Patco zipumzike kwanza, na mswaki ufike hadi kwa chuma.

Sasa, nani anahitaji? Meno ya juu yanafaa kufunika ya chini pande zote, kama kifuniko ya sufuria. Mwambie mtoi aume meno ya nyuma, ucheki. Kama ya juu yameingia ndani ya yale ya chini, ama taya inateleza upande mmoja ndio apate kuuma, mpeleke. Ikiachwa hivyo, taya inaweza kumea ikiwa imepinda. Mtoi mwenye ananyonya kidole miaka na miaka, ama anapumulia mdomo kila usiku, pia achekiwe. Lakini meno kupandana tu haimaanishi lazima awekewe hii chuma. Na wale wa TikTok wanasema ekspanda inaponyesha kila kitu hadi kukojoa kitandani, waache.

Ile uongo imeharibia wengi ni hii ya "ngoja meno ya utoto yaishe kwanza." Chama cha madaktari wa bresi cha Marekani kinashauri mtoto achekiwe kufikia miaka 7, hata kama hatafanyiwa chochote siku hiyo. Kipindi cha kubalehe mshono unaanza kukazana. Ukishakuwa mtu mzima, mara nyingi ni upasuaji, ama skrubu ndogo za kushikilia mfupa wenyewe. Kwa hivyo wewe wa miaka 23 unasukuma ulimi juu ukingoja kaakaa ipanuke, pole. Peleka kadogo kako.

Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Argwings Kodhek Road, si mbali na Toi, na wanafunzi hutibu huko chini ya wahadhiri wao. Ukienda kwa kliniki ya mtaa, ingia kwa tovuti ya KMPDC kwanza, utafute jina la daktari. Uliza bei yote, pamoja na zile safari za kurudi kuchekiwa, na kama unaweza kulipa polepole. Na usiagize ekspanda online. Daktari ndiye anachukua vipimo na picha, anajua mshono uko aje, na ndiye atakwambia uache kuzungusha siku gani.

Mathe wa Toi alikuwa amebakisha siku nne. Viatu alinipea kwa soo nane, hakutaka kushuka hata finje.