Mafuta ya Venezuela: Kumiliki Kisima Si Kumiliki Uchumi

Ndugu, katika madarasa ya siasa swali moja huulizwa kila mara: Taifa likishataifisha utajiri wake mkubwa, ujenzi wa Ujamaa umebakiwa na kikwazo gani? Venezuela inatupa jibu. Akiba yake ya mafuta inakadiriwa kuzidi mapipa bilioni 300, kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote. Hata hivyo, zaidi ya wananchi wake milioni 7 wameihama nchi. Ni lazima tujiulize kwa nini.

Kwanza, historia. Tangu kisima kikubwa kilipofumuka karibu na Ziwa Maracaibo mwaka 1922, makampuni ya kigeni ndiyo yaliyovuna. Mwaka 1960 Venezuela ilikuwa miongoni mwa nchi 5 zilizoanzisha OPEC. Tarehe 1 Januari, 1976, mafuta yalitaifishwa na kukabidhiwa shirika la umma, PDVSA. Lakini serikali iliyotaifisha haikuwa ya kijamaa. Mwenye mali alibadilika, mfumo haukubadilika. Februari 1989, bei ya petroli na nauli zilipopandishwa, wanyonge wa Caracas waliasi, na mamia yao wakauawa.

Katika hali hiyo Hugo Chávez alichaguliwa Desemba 1998. Wakuu wa PDVSA na matajiri walipogoma mwaka 2002 na 2003 ili kumwangusha, serikali iliwaachisha kazi watumishi karibu 18,000 wa shirika hilo. Kisha fedha za mafuta zilielekezwa kwa umma: zahanati zenye madaktari wa Cuba katika mitaa ya maskini, kisomo cha watu wazima, na vyakula vya bei nafuu. Mwaka 2005 Chávez alitangaza shabaha ya Ujamaa. Umaskini ulipungua. Mafanikio hayo ni ya kweli, na anayeyaficha hafanyi uchambuzi.

Pili, kosa. Ziada iligawanywa, lakini haikugeuzwa kuwa mashamba na viwanda. Mafuta yaliendelea kuleta zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo ya nje. Tazama pia jambo la dola. Mwaka 2013 serikali iliuza dola kwa bei rasmi ya bolivari 6.30, hali mtaani dola hiyo hiyo iliuzwa mara kadhaa zaidi. Mwenye kibali cha kuagiza bidhaa aliweza kupata kwa siku moja faida ambayo mkulima wa mahindi hakuipata kwa msimu mzima. Katika mpango kama huo, kulima ni hasara na kuagiza ni werevu. Hivyo tabaka jipya la wanyonyaji lilizaliwa ndani ya nchi, na baadhi yao walivaa mashati mekundu ya mapinduzi.

Wakati huo huo visima havikutunzwa. Uzalishaji uliozidi mapipa milioni 3 kwa siku mwishoni mwa miaka ya 1990 uliteremka chini ya milioni 2 kufikia mwisho wa 2017. Bei ya mafuta ilikuwa imekwisha kuporomoka tangu 2014. Serikali ilichapa noti, na fedha ikapoteza thamani hata ikafutwa sifuri 5 mwaka 2018 na sifuri 6 mwaka 2021. Mshahara wa mfanyakazi ukawa karatasi.

Tatu, ubeberu. Januari 2019 Marekani iliiwekea PDVSA vikwazo vikali, na mwaka 2020 uzalishaji ukafika chini ya mapipa 500,000 kwa siku. Tarehe 3 Januari, 2026, majeshi ya Marekani yalimteka Rais Nicolás Maduro mjini Caracas. Huo ni uvunjaji wa uhuru wa Taifa. Lakini tusijidanganye: adui alipiga mahali palipokuwa pameoza. Nyumba yenye nguzo imara haiangushwi kwa teke moja.

Je, mustakabali uko wapi? Mtaji wa kigeni unaweza kufufua visima, kwa kuwa mafuta mazito ya Orinoco yanahitaji mitambo na ujuzi mwingi. Lakini visima vikifufuliwa bila kilimo na viwanda, Venezuela itarudi pale pale ilipokuwa mwaka 1989, ikingojea bei ishuke tena.

Sharti la pili ni usimamizi wa umma. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya uchaguzi wa Julai 2024, Tume ya Uchaguzi ilitangaza mshindi bila kuchapisha hesabu za kila kituo. Umma unaonyimwa hesabu za kura zake utawezaje kudai hesabu za mafuta yake?

Kutaifisha ni amri ya siku moja. Kujenga uwezo wa kuzalisha, na wa kuwahoji viongozi, ni kazi ya kizazi kizima. Nchi inayofanya la kwanza na kuliacha la pili hubadilisha bwana tu.