Kwa nini nyuso za watakatifu hugeuka njano?

Tuseme uko kanisani Kamachumu, na picha ya watakatifu ukutani imeanza kuwa njano. Usikimbilie kitambaa na maji ya sabuni. Angalia kwanza ni picha ya aina gani.

Kama imechapishwa kwenye karatasi, adui yake mkubwa ni jua: rangi hupauka. Ya mafuta ni habari nyingine. Delacroix alipomchora Mtakatifu Sebastiani mwaka 1836, alitumia rangi ya mafuta. Kwa kawaida ni unga wa rangi uliochanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kama nguo kwenye kamba. Yanavuta oksijeni hewani, molekuli zinashikana, unabaki utando mgumu. Ukikaa gizani, utando huo hugeuka njano. Ukipata mwanga wa kiasi, unjano hupungua. Vanishi ya juu nayo huzeeka, na moshi wa mishumaa huongeza weusi.

Sasa ukipaka maji, yanapenya kwenye nyufa, kitambaa kilichochorwa kinavimba na kujikunja, rangi inabanduka. Uso uliobanduka haurudi. Pangusa vumbi taratibu kwa brashi laini na kavu. Ukiona rangi imeshaanza kunyanyuka, usiiguse kabisa, mwite mtaalamu.