Yoyote Haina pa Kubonyeza

Saiba ninayoijua pale Litein ina kompyuta nne, mashine ya kutoa kopi, na dada ambaye nadhani amesoma wasifu wa watu wengi kuliko meneja yeyote wa ajira Nairobi. Asubuhi moja aliingia kijana mwenye gambuti zilizoganda tope la shamba la chai. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake shahada ya Chuo Kikuu cha Kabianga.

“Unatafuta kazi gani, kaka?”

“Yoyote.”

“Yoyote haina pa kubonyeza. Na mshahara?”

“Wowote, dada.”

Dada alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilipomaliza masomo jibu langu lilikuwa hilo hilo.

Zamani kijana wa Kericho au Bomet aliyekosa ajira ya ofisini hakukosa kibarua cha kuchuma majani. Siku hizi mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani. Kikosi kazi kilichoundwa na Kaunti ya Kericho kilikadiria kwamba nafasi 30,000 hivi zilipotea katika muda wa miaka kumi, na Mei 2023 hasira ikafikia hatua ya watu kuchoma mashine hizo. Kwa hiyo anayetafuta kazi hasubiri tena kwenye lango la shamba, anashika simu.

Kwenye simu kuna BrighterMonday, Fuzu, MyJobMag na tovuti nyingine nyingi. Watu huniuliza ipi ina kazi nyingi. Hilo silo swali. Mimi hutazama kwanza ipi inataja pesa. Fungua matangazo kumi ya kazi unayoiweza, uhesabu ni mangapi yameandika kiwango cha mshahara na mangapi yamesema ni siri, au yamejificha nyuma ya maneno matamu kama “mshahara mnono”. Tovuti inayokuruhusu kuchuja kazi kwa kiwango cha mshahara imekuokolea bando na wiki mbili za kusubiri simu isiyopigwa.

Lakini huwezi kuchuja kama hujui kiwango chako. Chukua tangazo la shilingi 40,000. Kwa viwango vya 2025, akiba ya uzeeni ya NSSF inachukua 2,400, bima ya afya ya SHA 1,100, ushuru wa nyumba 600, kisha kodi ya mapato ya KRA 3,153 hivi. Zinazoingia benki ni kama 32,750. Toa kodi ya chumba Nairobi, nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na maziwa ambayo nyumbani hukuwahi kuyanunua. Linganisha salio na la mtu wa Sotik anayelipwa 28,000 huku akilala kwao na kukuta mursik kwenye kibuyu. Nimewaona waliorudi kwa hesabu hiyo, na hawakurudi kwa uvivu.

Kwa hiyo anza na salio unalotaka mwisho wa mwezi, uongeze matumizi, kisha makato. Jumla utakayopata ndiyo ya kuandika pale tovuti inapokuuliza mshahara unaoutarajia. Usiandike sifuri kwa unyenyekevu.

Tovuti kubwa zina kasoro moja kwetu: zimeelemea Nairobi. Andika Kericho kwenye kisanduku cha mahali, uone orodha inavyokauka. Kazi za hapa nyingi hutangazwa na wenyewe: viwanda vya chai vya KTDA, hospitali kama Tenwek, bodi za utumishi wa umma za kaunti zetu mbili. Tovuti hizo hazivutii macho, na nyingine huchelewa, ila kwa kazi ya karibu na nyumbani nazipa nafasi ya kwanza. Upwork ni soko jingine kabisa: malipo ni kwa dola, lakini unanunua tiketi za kuombea kazi na kampuni inakata asilimia yake. Aliye na ujuzi unaoonekana, kama uhariri au usanifu wa picha, ajaribu. Wa “yoyote” atamaliza tiketi bure.

Kuhusu pesa za kutoa mfukoni, sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri anapaswa kukuitisha vyeti vya mkopo wa masomo wa HELB, kodi ya KRA, tabia njema na vinginevyo baada ya kukupa ofa, si kabla. Anayetaka “ada ya usajili” kwa M-Pesa ili akupangie mahojiano, mfute. Na kama kazi ni ya Ghuba, tafuta jina la wakala katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hata ya kupiga picha ya pasipoti.

Yule kijana alitoka saiba akiwa ameandika udhibiti wa ubora, Kericho na Bomet, kuanzia 30,000. Orodha ilimletea matangazo matatu. Aliyatuma maombi yote matatu, akalipa dada, akarudi shambani kabla gari la majani halijapita.