Sahani ya Mia na Moja

Oya wana wa Makorora, Tanga, tuwekane sawa. Siku hizi kila mtaa una sista mwenye aproni na mchizi mwenye hotpoti, na statasi zao za WhatsApp zinaimba wimbo mmoja: tunapika harusi, sendofu, kicheni pati, maulidi, vikao. Picha kali, pilau linameta, kachumbari imekatwa kishua. Miezi mitatu mbele namba haipatikani. Mtu kafulia, masufuria yamerudi kwa bi mkubwa, mwenyewe yuko kijiweni anasoma mkeka.

Msosi wake ulikuwa na kasoro? Wala. Tanga hakuna wa kumfundisha mwenzie kupika. Dogo wa Makorora anaitambua harufu ya binzari nyembamba kabla hajajua kuandika jina lake. Wengi wanaoanguka wanaangukia kwenye hesabu, na hesabu ya msosi wa shughuli inachezwa kabla jiko halijawaka.

Twende na pilau la nyama la watu mia. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Kilo moja ya mchele inatoa kama sahani saba za kushiba, basi chukua kilo 15. Kwa buku tatu kilo, hiyo ni 45,000. Nyama kilo 15 kwa 12,000, laki na themanini. Hapo ndipo mkwanja unapoyeyukia, mwanangu, ndiyo maana muuza nyama ni mtu wa kumheshimu kuliko hata MC. Mafuta lita tano 30,000. Vitunguu, viazi, saumu, tangawizi na viungo 50,000. Kachumbari na ndizi za kusindikizia 35,000. Mkaa 20,000. Wasaidizi watatu, kila mmoja 15,000, wanakuwa 45,000. Kirikuu cha kubebea mzigo 20,000, kukodi masufuria na hotpoti 30,000. Jumla 455,000, yaani kila sahani imekugharimu 4,550, na hapo jasho lako mwenyewe hujalihesabu.

Ukiuza sahani 7,000 unabaki na 245,000. Fresh kabisa.

Sasa simu inaita. Shangazi wa mtaa wa pili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia siku hizi wewe ndiye mpishi wetu. Sasa sisi si wageni, tufanyie elfu sita."

Unaona aibu, unakubali. Faida imeshuka mpaka 145,000 kwa sentensi moja. Siku ya siku unafika na sahani zako mia, ukumbi una vichwa mia na ishirini. Binamu wa Muheza wamekuja na watoto, jamaa wa Pangani wamekuja na jamaa zao. Huwezi kumwambia mgeni wa Kiswahili arudi kwao na njaa. Aibu itakuwa ya mwenye shughuli na lawama itakuwa yako. Unatuma dogo na bodaboda akaongeze nyama, unasongesha sufuria la pili. Sahani ishirini kwa 4,550 ni 91,000. Umebaki na 54,000. Umekesha usiku kucha, macho mekundu kwa moshi, na ulichopata kinakaribia posho ya wale wasaidizi wako watatu.

Shangazi hana roho mbaya. Kwenye akili yake, kupika shughuli hakujawahi kuwa kazi ya kulipwa hivyo. Uswazi kwetu, msosi wa shughuli ulikuwa kazi ya mtaa mzima: kina mama wanamenya vitunguu na kuchambua mchele barazani, wanaume wanashika mwiko wa sufuria kubwa uani, wanapalia makaa juu ya mfuniko, na malipo yao ni kula, kubeba kidogo nyumbani, na kujua kwamba ikifika zamu yao watapikiwa. Wewe unaingia na bei ya sahani, yeye anailinganisha na nguvu kazi iliyokuwa bure. Ukilijua hilo huna haja ya kununa. Badala ya kushusha bei, badilisha menyu. Nyama ipungue, viazi viongezeke. Au mwambie: "Shangazi, wewe nunua nyama na mchele, mimi nitoze ufundi tu." Wengi wanapenda hiyo, maana wanaona mzigo kwa macho yao, na wewe bei ya nyama ikipanda haikuhusu.

Halafu advansi. Usiwashe moto bila asilimia 70 mkononi, na iliyobaki iingie siku moja kabla. Kwenye harusi hela inatoka kwa kamati, kamati inategemea michango, na michango ya Bongo inajulikana: ahadi nyingi kwenye kikao, siku ya kukusanya mweka hazina anakimbiwa. Shughuli ikiisha kila mtu anaingia mitini, unabaki unadai watu wenye usingizi. Na kwenye karatasi, hata ya daftari, andika idadi ya sahani na bei ya kila sahani inayozidi. Ile ya mia na moja iwe ghali kidogo kuliko ya mia. Kamati ikiona hivyo, yenyewe itaanza kuwahesabu binamu.

Kalenda nayo ina maneno yake. Tanga inakwenda kwa mwezi wa Kiislamu. Shaabani watu wanaoana kinoma na kuvunja jungu. Ramadhani ikiingia ukumbi kimya, wapishi wengi wanakaa kivivu wakisubiri Idi, wakati mwezi huo ndio msimu wa futari za ofisini na misikitini: muhogo wa nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Nazi ziko Pangani, mboga zinashuka kutoka Lushoto, samaki unawahi mwenyewe asubuhi soko la Deep Sea. Ila futari haisubiri. Ukichelewa dakika kumi baada ya adhana, oda ya mwaka kesho umeshaitoa sadaka.

Lakini nikuambie ukweli, shughuli inakupa jina, kodi ya nyumba inalipwa na lanchi. Sahani thelathini za wali samaki kila siku ya kazi zinamshinda bwana harusi mmoja kwa mwezi. Na Tanga ya sasa ina wateja wa mchana. Bandarini kina cha maji kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kushushia mzigo majini, na watu wa kazi ni wengi. Chongoleani, ambako Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Agosti 2017, ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Tenda ya kulisha kambi nzima usiiote kwa sasa. Ota gereji, maduka ya vifaa, maofisi madogo, mafundi wanaokula saa saba kamili na kulipa kwa simu hapohapo. Siku za mechi Mkwakwani, Simba au Yanga wakija, pia kuna chapaa ya vitafunio. Mashabiki wa Coastal Union tumezoea kuvumilia tangu ubingwa wa 1988, lakini kuvumilia njaa hatuwezi. Vifungashio tu uwe makini, mifuko ya plastiki ilipigwa stopu Juni 2019 na faini haichagui mjasiriamali.

Ukitaka meza za wakubwa, mambo ya karatasi hayakwepeki: jina la biashara BRELA, TIN ya TRA, leseni kutoka Jiji, vipimo vya afya vya kila anayeshika chakula. Hapo milango miwili inafunguka. Wa kwanza ni mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao 4 ni za vijana, 4 za wanawake na 2 za watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, na unahitaji kikundi, kwa hiyo chagua washkaji wa kurejesha deni, usichague washkaji wa kupiga nao stori. Mlango wa pili ni tenda za serikali kupitia mfumo wa NeST, ambako asilimia 30 ya manunuzi imetengwa kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Chai na lanchi za semina zinapita humo.

Mzuka, ila tuliza boli. Ofisi inaweza kukulipa baada ya miezi, wakati muuza nyama wa soko la Makorora anataka chake leo jioni. Shika semina tatu kwa mpigo bila akiba, utajikuta unaidai serikali mamilioni huku mwenye nyumba anakugongea mlango saa kumi na mbili asubuhi.