Mtoto Akisha Kuulizwa, Nani Atamjibu?

Wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, imezoea wageni wenye karatasi na kalamu. Tangu reli ilipofika huko mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, wamekuja wapima ardhi, wahesabu watu, mabwana shamba wa pamba na kahawa, na waganga wa magonjwa ya kuambukiza. Katika miaka ya karibuni wamekuja pia watafiti wa ustawi wa jamii. Hawa hawaulizi habari za shaba wala za kahawa. Wanauliza yale yatendekayo ndani ya nyumba mlango ukishafungwa: ni nani ampigaye mwenzake, kwa kitu gani, mara ngapi, na watoto huwa wapi wakati huo.

Wapo wananchi wanaochukia maswali ya namna hiyo, wakisema kwamba mambo ya nyumba ni ya wenye nyumba. Makala haya hayakubaliani nao. Lakini lipo jambo jingine ambalo latakiwa kutazamwa kwa makini, nalo ni hili: mtafiti huuliza, huandika, hushukuru, kisha hupanda gari akaenda zake, na yule mtoto aliyefunua siri ya nyumba yao hubaki palepale, pamoja na wale aliowasema.

Kwamba maswali yalihitajiwa hakuna shaka. Mwaka 2015 Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii iliongoza uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili unaotendewa watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018. Walihojiwa watoto na vijana 5,804 wa umri wa miaka 13 hadi 24. Miongoni mwa wale wa miaka 18 hadi 24, wasichana 59 katika kila 100 na wavulana 68 katika kila 100 walisema kwamba walipigwa au kudhuriwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana 35 na wavulana 17 katika kila 100 walisema kwamba katika utoto wao walishikwashikwa bila ridhaa, au walilazimishwa kulala na mtu, au mtu alijaribu kuwalazimisha. Na kwa upande wa watu wazima, uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanawake 51 katika kila 100 walikuwa wamepata kupigwa tangu walipofika umri wa miaka 15.

Faida moja kubwa ya uchunguzi ule wa watoto ni namna maswali yake yalivyotungwa. Mtoto hakuulizwa kama ameonewa. Aliulizwa kama amewahi kupigwa ngumi, au teke, au mjeledi. Kama amewahi kukabwa koo au kuunguzwa. Kama amewahi kutishwa kwa silaha. Tofauti hiyo si ndogo. Mtoto wa Bwera anayechapwa fimbo kila achelewapo kurudi na maji hatasema kwamba anadhulumiwa. Atasema kwamba anafundishwa adabu, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa tangu alipoanza kusikia maneno. Hata sisi watu wazima tuna neno letu la kujifichia: twasema “ugomvi wa nyumbani”, kana kwamba kila mara wako wawili wanaogombana. Kwa hiyo mtafiti mwenye busara huacha majina na kuuliza vitendo. Tena huuliza kwa lugha ya mtoto mwenyewe, na katika wilaya hii jambo hilo lina uzito wake, maana wengi ni Wakonzo wasemao Lhukonzo, ambayo ng'ambo ya mpaka huitwa Kinande, na sokoni Mpondwe Kiswahili ndicho kinachouza na kununua. Karatasi iliyotungwa Kampala haiwezi kufika Bwera na kusomwa vivyo hivyo.

Yafaa sasa kusema juu ya chanzo, kwa sababu Kasese yenyewe ina somo ambalo wilaya nyingine zimekuja kulisoma. Katika mji mdogo wa Kyarumba, kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori, kuna chama cha ushirika kiitwacho Bukonzo Joint, kilichoanza mwaka 1999 kama chama cha kuweka na kukopa, kikaendelea hata kuuza kahawa. Katika miaka ya 2000, pamoja na mtafiti Mwingereza Linda Mayoux, wanachama wake walianza kutumia njia ya kujichunguza kwa kuchora picha. Njia hiyo haihitaji mtu ajue kusoma. Mume na mke huketi na kuchora mti. Mizizi ya upande mmoja ni kazi za mke, mizizi ya upande wa pili ni kazi za mume. Matawi ni matumizi: ada ya shule, chumvi na sabuni, pombe, nguo, mbuzi. Mti ukikamilika, wenyewe huona kama umesimama wima au umeelemea upande.

Aghalabu huwa umeelemea. Mke ndiye aliyepalilia kahawa, akaichuma, akaiosha na kuianika. Lakini siku ya kupima mizani ndiyo siku ambayo fedha hupita mkono mmoja tu. Katika nyumba nyingi za milimani vita vya msimu wa kahawa huanzia hapo. Fedha ya miezi mingi huja kwa siku chache, sehemu yake hunyweka, na mke akiuliza ada ya watoto hujibiwa kwa kofi. Aliyechora mti huo kwa mkono wake hawezi kumsingizia mtafiti kwamba ametunga. Nyumba zilizofuata njia hiyo zilianza kupanga matumizi pamoja, na wapo waliofikia hatua ya kuandika mikataba ya ardhi kwa majina ya wote wawili, jambo ambalo wazee wa zamani wangelicheka.

Hapo ndipo habari ya mtoto inapoungana na habari ya mama yake. Kwa muda mrefu watafiti na maofisa wamezigawa habari hizi katika mafaili mawili: kipigo cha mke huenda kwa wazee na polisi, na shida ya mtoto huenda kwa ofisa wa ustawi. Nyumbani hakuna mafaili mawili. Kuna chumba kimoja, na mara nyingi mkeka mmoja. Huko Kampala, katika mitaa ya Makindye na Rubaga, shirika la Raising Voices na wenzake wa CEDOVIP waliendesha kati ya 2007 na 2012 mpango ulioitwa SASA!, jina la Kiswahili katikati ya mji wa Kiganda. Majirani wa kawaida walifundishwa kuzungumza na majirani wenzao juu ya nguvu na matumizi yake. Mitaa iliyopata mpango huo ililinganishwa na mitaa isiyoupata, na ikaonekana kwamba kupigwa kwa wanawake na waume zao katika mwaka uliotangulia kulikuwa chini kwa asilimia 52. Watafiti wakarudi kuuliza juu ya watoto, ingawa mpango haukuwa umetungwa kwa ajili yao, wakakuta kwamba idadi ya watoto walioshuhudia mama akipigwa nayo ilikuwa imeshuka kwa karibu theluthi mbili. Aliyemponya mama alikuwa amemponya na mtoto bila kukusudia.

Lakini tukio ambalo mtu yeyote anayetaka kwenda Kasese na karatasi ya maswali angepaswa kulisoma kwanza lilitokea Luwero, kaskazini ya Kampala. Mwaka 2012 watafiti waliwahoji huko watoto 3,706 wa shule 42 za msingi, mmoja mmoja, faraghani. Walifanya kitu cha haki ambacho wengi hawakifanyi: walikubaliana mapema na ofisi za wilaya kwamba mtoto yeyote atakayesema jambo zito, habari zake zitapelekwa kwa wahusika ili asaidiwe. Watoto 529 walisema mambo ya kiasi hicho. Habari zao zikapelekwa. Watafiti wakafuatilia waone kilichotendeka, wakakuta kwamba waliopata msaada wa kutosha ni 20.

Ishirini kati ya mia tano na ishirini na tisa. Msomaji asifanye haraka kuwalaumu wale wa Luwero, kwa kuwa wao angalau walihesabu na kutangaza. Ni sehemu ngapi ambako hata hesabu hiyo haikufanywa?

Kwa sheria, Kasese haina upungufu. Sheria ya Watoto, iliyotungwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016, yamtaka kila mwananchi mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto inavunjwa apeleke habari kwenye baraza la mahali hapo, na katika kila baraza yuko mtu aliyepewa jukumu la mambo ya watoto. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 haihesabu kipigo peke yake. Yahesabu na matusi, vitisho, na kumnyima mtu matunzo. Polisi wana kitengo cha watoto na familia. Wilaya ina ofisa wa ustawi wa jamii, na kwenye gombolola wako maofisa wa maendeleo. Tangu mwaka 2014 iko pia namba ya simu 116, ambayo mtoto aweza kuipiga bila malipo.

Tatizo ni njia iliyopo kati ya sheria na mtoto. Mahakama ya baraza la kijiji ndiyo iliyo karibu naye kuliko zote, lakini tangu mwaka 2001 hadi Julai 2018 mabaraza hayo hayakufanyiwa uchaguzi. Kwa miaka 17 watu walihukumiwa na wazee ambao muda wao ulikuwa umekwisha. Wakonzo wana pia baraza lao la asili, ekyaghanda, ambako ukoo huketi penye moto na kusuluhisha, na wako wakuu wa vilima ambao neno lao husikika kuliko barua ya wilaya. Mabaraza haya yana hekima nyingi, na mwandishi huyu hangependa kuona yanavunjwa. Hata hivyo kazi yao ni kupatanisha, na wapatanishwao ni watu wazima. Mume aliyempiga mkewe hutoa mbuzi, wakwe hupokea, mke hurudi, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Mtoto aliyesimama mlangoni usiku ule haulizwi. Mahari nayo ilikuwa na sehemu yake katika kumrudisha mke, kwa kuwa wazazi wasioweza kurudisha mbuzi walimhimiza binti yao avumilie. Hadi Agosti 2015, Mahakama ya Juu ilipoamua katika shauri lililoletwa na shirika la MIFUMI kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo umefika vijijini polepole, kama kawaida ya maamuzi.

Na tusisahau kwamba nyumba hizi zimepitiwa na mengi. Mwezi Novemba 1996 waasi wa ADF waliingia kwa mpaka wa Mpondwe, na vita vilivyofuata viliwahamisha watu wengi wa milimani. Novemba 2016 damu ilimwagika mjini Kasese kwenye jumba la mfalme wa Rwenzururu. Juni 2023 wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha waliuawa usiku ndani ya bweni. Mafuriko ya mto Nyamwamba, 2013 na 2020, yalibeba nyumba na mashamba. Mtafiti anayeuliza kwa nini fulani ni mkali nyumbani hana budi kuyajua haya, si kwa kumpa udhuru ampigaye mtoto, bali ili ajue kwamba katika bonde hili swali moja huweza kufungua majeraha matano.

Basi utaratibu wa haki ungekuwa upi? Kabla ya swali la kwanza kuulizwa Bwera, ijulikane kwa jina nani atapokea habari za mtoto wa kwanza, nauli yake itatoka wapi, na atarudi lini kumwona. Toka mji wa Kasese hadi Bwera ni zaidi ya kilomita 50: barabara hupinda Kikorongo, kisha huelekea magharibi. Ofisa wa ustawi asiye na pikipiki wala mafuta hawezi kufika kila anapoitwa, hata akiwa na moyo wa namna gani. Fedha za utafiti hulipa karatasi, wahojaji na kompyuta. Zinaweza pia kulipa mafuta hayo.

Mpaka nao una shauri lake. Mama anayekimbia kipigo huenda kwao, na kwa watu wa Bwera huenda kwao kukawa Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha. Watoto huvuka naye. Upande huu kuna sheria ya Uganda, upande ule kuna sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, na hakuna hata moja inayovuka daraja pamoja na mtoto.

Hata hivyo watu wa mahali hapa wamekwisha kuonyesha kwamba daraja hilo si kizuizi. Mwezi Juni 2019 mtoto wa kiume wa miaka 5 aliletwa na jamaa zake kutoka Kongo akiwa na ugonjwa wa Ebola, akafia katika hospitali ya Bwera. Maofisa wa afya wa pande mbili walipashana habari, wahudumu wa vijijini wakatumwa, kila aliyemgusa akaandikwa jina lake, naye akatembelewa nyumbani kwake kwa siku 21.