Umenunua nyumba Eastlands? Angalia deni la mita kabla ya kuhamisha kitanda

Hongera! Kununua nyumba Umoja, Donholm au Komarock si mchezo. Tunajua ukishaonyeshwa funguo unaanza kuwaza rangi ya ukuta na nani atapandisha friji ngazi hizo zote. Lakini kabla muuzaji hajamaliziwa pesa zake, tunaomba uangalie mita.

Nyumba nyingi za huku zimeona watu. Buruburu na Umoja zilianza kujengwa miaka ya 1970. Tangu hapo wenye nyumba wamebadilika, wapangaji wameingia na kutoka, na si wote walioondoka bila bili. Mtu akihama, deni linabaki kwenye akaunti. Mita haijui kwamba wewe umefika juzi.

Kama stima ni ya tokeni, nunua ya shilingi 100 kwa mita hiyo. Paybill ni 888880, na kwenye akaunti weka namba ya mita. Utapata SMS yenye tokeni ya tarakimu 20. Wengi wetu hukimbilia tarakimu tu, lakini hapa soma SMS yote. Kama kuna deni lililowekwa kwenye mita, sehemu ya pesa yako inakatwa kulilipa na uniti zinakuja chache ajabu. Basi hapo una la kumwambia wakili wako: deni lilipwe kwanza, ndipo salio litoke. Ukiligundua baadaye, utampigia muuzaji simu mpaka uchoke.

Mita ya kulipa mwisho wa mwezi ina Paybill yake, 888888, na huko unaweka namba ya akaunti iliyo kwenye bili, si ya mita. Ni rahisi sana kuzichanganya.

Deni likiisha, nenda Kenya Power na kitambulisho, PIN ya KRA na karatasi za ununuzi, uulize kuhusu kubadilisha jina la akaunti. Kazi hii watu huiahirisha hadi siku kuna shida na mita, halafu jina kwenye mfumo ni la mtu aliyerudi ushago kitambo.

Maji nayo: omba bili ya mwisho, na siku ya kupewa funguo piga picha namba zinazosomeka kwenye mita. Pia uliza majirani maji huja siku gani. Kwa maoni yetu, tangi linunuliwe kabla ya sofa.

Tena kuna pesa za geti. Majirani wa geti moja mara nyingi huchangia mlinzi na taka kila mwezi, na mwenye nyumba wa zamani huenda ameacha miezi kadhaa. Uliza. Ukituma kwa mweka hazina, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ndilo uliloambiwa kabla ya kumaliza. Fundi wa grili na wa mabomba pia wasilipwe zote kwa mkupuo. Lipa kulingana na kazi iliyofanyika, na usifute zile SMS.

Na ile namba ya mita ya kule ulikokuwa umepanga, itoe kwenye simu, usije ukamnunulia mpangaji mpya wa Pipeline tokeni ya mwezi mzima.